Skuna Iliyozama na Miti ya Krismasi: Naongea Nanyi Kutoka Darajani, Chicago

Salaam aleikum wapendwa, na nyinyi wa bara, hamjambo. Leo sipiki, wala siwaonyeshi bei za supamaketi. Nimesimama juu ya daraja la Clark Street, hapa katikati ya Chicago, vidole vimekufa ganzi, na upepo huu mkisikia unavuma kwenye maikrofoni mnivumilie.

Tazameni pale chini, kando ya ukuta wa mto. Sasa ni maji matupu. Lakini miaka mia moja na ushee iliyopita, majira kama haya, hapo palikuwa pakifunga skuna, yaani chombo cha tanga, ya milingoti mitatu, imetundikwa taa za umeme, na watu wanapanda sitahani na watoto wao kuchagua mti wa Krismasi. Senti hamsini, ukitaka mzuri dola moja.

Najua mtaandika nini huko chini: mtoto wa Amu (Lamu), chuo cha Kurani umesoma, miti ya Krismasi inakuhusu nini? Ngojeni. Mimi sikufuata miti, nimefuata chombo.

Chombo chenyewe kikiitwa Rouse Simmons. Kiliundwa Milwaukee mwaka 1868, cha mbao mwanzo hadi mwisho, urefu futi 123 na kitu, kama mita 37 na nusu. Jahazi alilokuwa akiendesha baba lingelala humo mara mbili. Tumbo bapa, na katikati kina ubao wa kushusha na kupandisha: kikiwa ziwani ubao unashushwa kisiende mrama, kikiingia bandari ya maji machache unapandishwa kisipande mchanga. Nilipoiona michoro nilimpigia baba usiku wa manane wake. Akasema, "Hao walikuwa na akili."

Kazi yake ilikuwa mbao. Chicago iliungua mwaka 1871, mji ukajengwa upya, na mbao zikishuka kwa Ziwa Michigan kutoka misitu ya kaskazini. Tajiri mmoja wa mbao wa Muskegon, Charles Hackley, alikimiliki chombo hiki miaka mingi kikienda na kurudi, kikienda na kurudi. Nyinyi wa Amu mnayajua maisha hayo. Baba alipakia boriti za mikoko, korja kwa korja, mpaka jahazi likabaki shubiri chache kufika maji, akashuka nazo Mombasa. Mbao ni mbao. Mgongo unauma vilevile.

Halafu yakaja mambo yaliyokuja kila mahali: meli za moshi, reli, na misitu yenyewe kukatwa ikaisha. Chombo cha tanga kikizeeka kinabadilisha wenyewe, kila mwenyewe mpya na mfuko mwembamba kuliko wa mwanzo. Mwaka 1910 hisa moja kati ya nane ikanunuliwa na nahodha Herman Schuenemann, mzaliwa wa Wisconsin, wazazi wake Wajerumani. Yeye na kaka yake August walikuwa wakileta miti ya Krismasi Chicago tangu zamani. August alizama na skuna nyingine, S. Thal, Novemba 1898, na miti yake. Herman akaendelea.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, hasa nyinyi mnaosema Herman "alikuwa na tamaa" kusafiri Novemba. Kwetu kusi ikikaza tunasema bahari imefunga. Jahazi linapandishwa pwani, watu wanapiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, wanapaka sifa (mafuta ya papa) na deheni (shahamu na chokaa), wanangoja. Boriti hazina tarehe, zikikaa miezi miwili ni boriti zilezile. Ziwa Michigan linafunga Novemba. Pepo za Novemba huku zimemeza vyombo vingi. Na mti wa Krismasi unakatwa lini? Novemba. Ukiufikisha Chicago tarehe 26 Disemba ni kuni. Mzigo wake ulikuwa na wiki chache tu za thamani, na wiki hizo ndizo ziwa linapofunga. Kwa hiyo msimwite mjinga. Mimi mwenyewe hapa naendesha lori kwenye theluji kwa sababu mzigo una tarehe, na simu za bosi mnazijua.

Tarehe 22 Novemba 1912 akang'oa nanga Thompson, Michigan, juu kabisa ya ziwa. Ni mwaka uleule wa Titanic, ila hii dunia haikuililia. Miti maelfu, wengine wanasema elfu tatu, wengine elfu tano, tumboni na juu ya sitaha. Inasimuliwa kwamba mwaka huo hakikupigwa kalafati. Chombo cha miaka 44! Baba aliposikia hilo alisonya tu. Na miti ya sitahani, theluji na maji vikiganda juu yake, uzito wote uko juu.

Kesho yake, saa tisa kasorobo hivi alasiri, walinzi wa kituo cha uokoaji cha Kewaunee, Wisconsin, wakaona skuna mbali, bendera nusu mlingoti, ishara ya kuomba msaada. Boti yao ya injini haikuwapo. Wakapiga simu kituo cha Two Rivers, kusini zaidi, na wale wakatoka na boti yao wakapiga mawimbi mpaka giza. Hawakukuta kitu. Waliokuwemo hata idadi yao haijulikani sawasawa.

Mjane wa Herman, Barbara, na mabinti zake watatu waliendelea kuuza miti hapa Chicago. Alifariki mwaka 1933, na jiwe la kaburi lake limechorwa mti wa Krismasi katikati ya jina lake na la mumewe. Mume hayumo.

Mwaka 1924 wavuvi wa Two Rivers walinasa pochi ya Herman kwenye nyavu, imefungwa kwa kitambaa cha mafuta, karatasi za ndani zikisomeka. Kisha mwaka 1971 mpiga mbizi Kent Bellrichard akakikuta chombo chenyewe, kiasi cha mita 50 chini, kimekaa wima. Na tumboni, miti. Ile miti! Mingine na majani yake.

Hili ndilo lililonitoa usingizi. Jahazi la baba liliachwa ufukweni, na mimi nikiwa bado shule lilikuwa mbavu tu, maana kwetu wako wadudu wa baharini wanaotoboa ubao kama chapati. Maji ya huku ni matamu na baridi, mdudu huyo hayumo. Mbao zinakaa.

Kila mwanzo wa Disemba meli ya walinzi wa pwani, Mackinaw, hutia gati hapa Navy Pier na miti ya kugawiwa familia zisizojiweza, kwa kumbukumbu ya Rouse Simmons. Mwaka huu nitakwenda na kamera. Baba ameagiza nisipige watu, nipige kamba: anataka kuona miti imefungwaje juu ya sitaha.