Klopstokia: Vichekesho Baada ya Sauti Kuingia Sinema

Mabibi na mabwana, karibuni. Filamu ya jioni hii ni *Million Dollar Legs*, ya kampuni ya Paramount, iliyotoka mwaka 1932. Ipo nyingine ya 1939 yenye jina hilohilo; msizichanganye.

Sauti ilipoingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kamera zilikuwa na kelele mno, zikafungiwa vibandani. Waigizaji nao wakabanwa karibu na maikrofoni. Watu waliozoea kuchekesha kwa kuanguka na kukimbizana wakatakiwa wasimame waongee. Ndiyo maana vichekesho vingi vya miaka ile, kwa maoni yangu, vimepooza.

Mwongozaji Edward Cline alikuwa amefanya kazi na mchekeshaji Buster Keaton enzi za filamu bubu, na anajua mwili unavyochekesha. Anatupeleka Klopstokia, nchi ya kubuni iliyofilisika, ambako wanaume wote wanaitwa George na wanawake wote Angela. Rais, anayeigizwa na W. C. Fields, anatawala kwa sababu moja tu: hakuna waziri anayemshinda nguvu za mkono. Tazameni kikao cha baraza. Viwiko mezani, viganja vimekamatana, nchi nzima iko rehani, na wanalichukulia jambo hilo kwa uzito uleule wa kujadili bajeti. Uzito huo ndio unaonivunja mbavu.

Kisha yupo Jack Oakie, mchuuzi wa brashi, anayeimba wimbo wa mahaba wa Klopstokia. Maneno yake hayana maana katika lugha yoyote, lakini anauimba kwa moyo wote. Hapo sauti, iliyodhaniwa imeua vichekesho vya mwili, inapiga mwereka yenyewe! Sijaona filamu nyingi za wakati ule zilizoligundua hilo mapema hivyo.

Mchuuzi huyo ndiye anayewapeleka Waklopstokia kwenye Olimpiki ya Los Angeles, michezo iliyofanyika kweli kiangazi hichohicho, Marekani ikiwa imezama katika mdororo wa uchumi. Wazieni mtazamaji asiye na kazi akiona serikali iliyofilisika ikitafuta wokovu kwa kunyanyua vyuma.

Rais anashindana, na mchuuzi anamchokoza makusudi. Kwa hasira, Fields ananyanyua chuma na kumrushia, akashinda kunyanyua uzito na kurusha tufe kwa mkupuo mmoja. Tutaanza na kipande hicho. Msitazame chuma, tazameni uso wa Fields.