Simba Aliyetangazwa, Mwana-Kondoo Aliyeonekana

Ndugu zangu, mada yetu ni ushindi wa wema juu ya uovu katika unabii wa Biblia. Kwamba wema utashinda, waumini hatubishani. Tunapoachana njia ni kwenye namna: unashinda vipi, na kwa silaha gani? Mtu akikosea hapo, hata kama anazijua sura zote 22 za Ufunuo kwa kichwa, atatoka na kalenda ya vita mkononi na tumaini atakuwa ameliacha ndani ya kitabu. Kwa hiyo muda mwingi tutakaa na kitenzi kimoja tu: kushinda.

Fungueni sura ya 5. Kitabu kimetiwa mihuri saba na hakuna wa kukifungua, si mbinguni, si duniani, si chini ya nchi. Yohana analia sana. Mzee mmoja anamwambia: “Usilie, tazama, Simba aliye wa kabila la Yuda, Shina la Daudi, yeye ameshinda.” Hayo ameyasikia. Mstari unaofuata anatazama, na simba hayupo. Aliyepo ni Mwana-Kondoo, amesimama, kana kwamba amechinjwa. Katika Ufunuo wa Kigiriki jina Mwana-Kondoo linamtaja Kristo mara 28. Simba, kama jina lake, ni mara moja, hapo hapo, kisha halirudi tena.

Shikeni sana hiyo tofauti ya kusikia na kuona, maana Yohana anairudia. Sura ya 7 anasikia idadi: 144,000, makabila 12, kila kabila 12,000, mfano wa sensa ya jeshi katika kitabu cha Hesabu. Akitazama, anaona mkutano ambao hakuna awezaye kuuhesabu, wa kila taifa na kila lugha. Anachosikia ni ahadi ya kale katika lugha yake ya kale. Anachoona ni jinsi Mungu alivyoitimiza. Wapo wafafanuzi makini wanaosema hayo ni makundi mawili tofauti. Kwangu, mpango wa sura ya 5 una nguvu kuliko hoja yao.

Sasa, kushinda. Kila barua kati ya zile saba, kuanzia Efeso hadi Laodikia, ina ahadi kwa “yeye ashindaye”, na ya mwisho inasema ashinde kama Kristo alivyoshinda. Alishindaje? Kwa kuchinjwa, kisha akasimama. Sura ya 12 mstari wa 11 inasema watakatifu wamemshinda joka, yaani Shetani, kwa damu ya Mwana-Kondoo na kwa neno la ushuhuda wao, wala hawakupenda maisha yao hata kufa. Halafu nendeni 13:7: mnyama, yule aliyepewa nguvu na joka, anapewa kufanya vita na watakatifu na kuwashinda. Kitenzi ni kile kile. Kisha 15:2, wamesimama kwenye bahari ya kioo wale waliomshinda mnyama. Basi nani kamshinda nani? Tukio ni moja, linatazamwa mahali pawili. Ukiwa chini, shahidi ameuawa, mnyama ameshinda. Ukiwa juu, mnyama alitaka kusujudiwa na akakosa, shahidi ameshinda.

Kiswahili chetu kina bahati hapa, ingawa Kigiriki hakina: kushinda ni kumweza adui, na kushinda ni kukaa mahali mchana kutwa. Mtu anaulizwa jioni, umeshindaje? Sijengi fundisho juu ya hilo, lakini anayehubiri Ufunuo kwa lugha hii asiliache lipite, kwa sababu 13:10 panapotajwa upanga wa mateso, kinachodaiwa kwa watakatifu ni subira na imani.

Tuutazame uovu wenyewe kwa karibu. Yohana anauonyesha kuwa ni mwigo. Kichwa kimoja cha mnyama kina jeraha la mauti, na Kigiriki kinatumia neno lile lile la kuchinjwa lililotumika kwa Mwana-Kondoo. Mnyama wa pili ana pembe mbili mfano wa mwana-kondoo, ila akifungua kinywa ananena kama joka. Mungu ndiye aliyeko, aliyekuwako na atakayekuja. Mnyama, sura ya 17, alikuwako, naye hayuko, naye anapanda ili aende kwenye uharibifu. Sarufi tu inatosha kumhukumu. Tena hesabuni neno “akapewa” katika sura ya 13: Kigiriki kinalo mara sita juu ya hawa wanyama wawili. Akapewa kinywa, akapewa uwezo, akapewa muda. Hana chake. Na muda wenyewe ni miezi 42.

Miezi 42 ya siku 30 ni siku 1,260, nazo ni miaka mitatu na nusu, ndiyo “wakati na nyakati na nusu wakati” ya Danieli. Saba ni ukamilifu. Tatu na nusu ni saba iliyokatwa katikati. Uovu unaruhusiwa kuanza na haupewi kumaliza. Mapigo nayo yana kipimo: muhuri wa nne unagusa robo ya nchi, baragumu nne za kwanza theluthi, vitasa, yaani vile vyombo saba vya ghadhabu ya Mungu, ndivyo vinavyofika mwisho. Ongezeko hilo lina sababu, na sura ya 9 inaitaja kwa masikitiko: waliobaki hawakutubu.

Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa kuzigeuza namba hizi kuwa tarehe. Mfano unaojulikana ni William Miller wa Marekani. Alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Toa 457 kwenye 2,300, unapata 1843. Baadaye ikakumbukwa kwamba kati ya mwaka 1 kabla ya Kristo na mwaka 1 baada yake hakuna mwaka sifuri, ikasogezwa 1844, na wafuasi wakaikaza kwenye tarehe 22 Oktoba. Siku ikapita. Tatizo halikuwa hesabu, maana kosa la mwaka sifuri lilikwisha kurekebishwa. Tatizo ni kumlazimisha nabii ajibu swali ambalo Yesu alilikataa katika Mathayo 24:36. Mwaka 2011 Harold Camping alitangaza 21 Mei, ikapita, akahamia 21 Oktoba, nayo ikapita. Wanaoumia ni wale waliouza vitu vyao, halafu wakabaki na aibu ya kumtetea Mungu kwa neno ambalo hakulisema.

Juu ya 666, namba ya mnyama katika sura ya 13, nitapita haraka. Herufi za Kiebrania ni tarakimu pia. Andika Neron Kaisari, yaani Nero mtawala wa Rumi, kwa herufi hizo: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumla 666. Ukiondoa nun, herufi ya 50, mwishoni mwa Neron inakuwa 616, na kweli zipo nakala za kale zenye 616. Irenaeus, mwalimu wa Kanisa wa karne ya pili, aliijua 616 na akaikataa, ila aliwaonya pia watu wasikurupuke kutaja majina. Onyo hilo halijachakaa.

Miaka elfu ya sura ya 20, ambayo watakatifu wanatawala pamoja na Kristo, imewagawa waumini tangu zamani. Justin Martyr, mwalimu mwingine wa Kanisa la kale, aliitarajia kama ilivyoandikwa, na akakiri kwamba wapo Wakristo wacha Mungu wasioafikiana naye. Augustine aliisoma kuwa zama za Kanisa. Imani iliyokiriwa Konstantinopoli mwaka 381 haikuigusa. Ilisema tu kwamba ufalme wake hautakuwa na mwisho. Kwa kundi lenye mitazamo tofauti, hapo panatosha kusimama pamoja.

Muhimu zaidi ni kuona jinsi vita ya mwisho inavyosimuliwa. Majeshi yanakusanyika Har-Magedoni, 16:16, na hakuna pigano linalosimuliwa hapo. Kitasa cha saba kinamiminwa. Sura ya 19 mpanda farasi mweupe anatokea, vazi lake limechovywa katika damu kabla adui hajaguswa, na wengi kwa hiyo wanaona ni damu yake mwenyewe. Upanga wake unatoka kinywani. Anashinda kwa neno. Mnyama anakamatwa, basi. Sura ya 20 majeshi yanauzunguka mji mpendwa, moto unashuka kutoka mbinguni, na watakatifu hawajainua hata fimbo. Anayetafuta humu ruhusa ya kushika silaha ataikosa.

Na Babeli, ule mji mkuu wa anasa unaoanguka? Someni orodha ya shehena yake, 18:12-13, mpaka mwisho. Bidhaa 28: ya kwanza dhahabu, ya mwisho miili na roho za wanadamu. Kinachoanguka ni soko lililompanga mtu baada ya farasi na magari.

Kisha mji, Yerusalemu mpya. Urefu, upana na kwenda juu ni sawa, stadia 12,000 kila upande, kama kilomita 2,200. Ni mchemraba, na kabla yake Biblia ina chumba kimoja cha umbo hilo: Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kwa 20 kwa 20. Pale aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Sasa mji wote ndio chumba hicho, una milango 12, mitatu kila upande, isiyofungwa kamwe. Wanaoingia na utukufu wao, 21:24, ni wafalme wa nchi: jina lile lile la waliojipanga na mnyama katika 19:19. Na majani ya mti wa uzima, Yohana anasema, ni ya kuwaponya mataifa.