Ubeti wa Nne

Asanteni, ndugu zangu. Sogeeni mbele, viti vipo. Mwenye hofu hapa ni mimi.

Nimeombwa nizungumzie kutoa kitabu. Nitazungumzia ubeti mmoja. Mamangu aliugua miezi saba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Alipofariki nikawa natunga, kwa kuwa asubuhi mikono haikuwa na kazi. Mwaka uliofuata nikachapisha nakala 300 kwa pesa zangu.

Siku ya uzinduzi tulikula biriani, nikapongezwa. Usiku sikupata usingizi. Mamangu, kila nikimvua nguo, alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Hilo ndilo nililoliandika katika ubeti wa nne. Yeye alijisitiri, mimi nikaenda kumfunua kwa watu 300.

Wiki ya pili mzee mmoja, fundi wa mashairi, alinishika mkono nje ya msikiti. "Kijana, umetunga. Ila ubeti wa nne, mshororo wa pili, utao una mizani saba." Utao ni nusu ya pili ya mshororo, na mizani ni silabi zake; zilitakiwa nane. Nikahesabu kwa vidole pale pale. Saba kweli! Nikarudi nyumbani nikalia kuliko siku ya maziko.

Mama mdogo hakuwa na habari ya mizani. Alinirudishia kitabu kimezongwa gazeti, akauliza: "Dadangu ulimtaka ruhusa?"

Mnamjua Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wa zamani aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha. Mwaka 1858, hali mgonjwa, alimwita bintiye, Mwana Hashima, akae karibu na wino na karatasi. Yalikuwa maneno ya mama na mwanawe. Miaka michache baadaye akafariki. Leo utenzi ule unasomeshwa madarasani, na wataalamu wanabishana: alimfunza bintiye heshima, au alimfunza kunyenyekea mume? Zamani nilimwonea wivu mama yule, kwamba hakusikia hata neno. Siku hizi namfikiria zaidi binti. Aliyeambiwa asogee ni yeye. Aliposikia beti zile vinywani mwa watu baki, alitazama wapi?

Basi. Mpiga chapa anataka toleo la pili, anauliza kama nitarekebisha ubeti wa nne. Silabi moja tu, kazi ya dakika mbili. Nimeirekebisha mara sita, na mara sita nimeifuta, maana kila silabi ninayoiongeza inaivuta ile kanga.

Mpaka leo asubuhi ilikuwa saba. Haya, maswali.