Kulazwa Nyumbani Si Kuruhusiwa

Mbukwenyi! Ahsanteni kwa kujaza ukumbi mchana huu, na jua lenyewe ndilo hili la Dodoma. Leo nazungumzia kumtibu mwenye donge la damu mguuni akiwa nyumbani kwake.

Tuliwahi kumpokea mama kutoka upande wa Mpwapwa, wiki ya tatu tangu ajifungue. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa. Kwao walishaamua kwamba ametegewa, kakanyaga kitu. Siku tisa zikaishia kwa mganga. Tulipompima tukakuta donge la damu kwenye vena kubwa ya paja, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Wakati wa mimba na wiki sita baada ya uzazi damu huganda kwa urahisi zaidi, maana mwili unamlinda mama asimalizike kwa kuvuja damu, na mara nyingine ulinzi huo unapitiliza. Mguu wa kushoto ndio huathirika zaidi, kwa sababu vena yake hupita chini ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ndani ya nyonga na kubanwa. Mchawi wa kweli alikuwa huyo. Mguu wenyewe hautuogopeshi sana. Tunaogopa donge limeguke likimbilie mapafuni.

Dawa tunazotibia donge hilo, mtaani mnaziita dawa za kuyeyusha damu. Haziyeyushi. Zinazuia donge lisikue, na mwili wenyewe unalimeng'enya taratibu. Ndiyo maana tunakung'ang'aniza na dawa miezi mitatu au zaidi hata kama mguu umenywea ndani ya wiki.

Zamani heparini, mojawapo ya dawa hizo, ilitolewa kwa dripu usiku na mchana, mgonjwa hatoki kitandani. Ikaja enoksaparini, sindano ndogo ya chini ya ngozi ya tumbo, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Mwaka 1996 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 500. Nusu walipewa dripu wodini, nusu sindano hiyo, na ikiwezekana wajidunge nyumbani. Donge lilijirudia kwa asilimia 6.7 ya watu wa dripu na asilimia 5.3 ya watu wa sindano. Siku za wodini zilishuka kutoka wastani wa 6.5 hadi 1.1. Kati ya watu 247 wa sindano, 120 hawakulala hospitali hata usiku mmoja.

Mkisikia hivyo mnasema, basi wote warudi makwao. Ngojeni. Nendeni kwenye ile sehemu ya makala ambayo wanafunzi wangu huiruka, inayoeleza nani hakuingizwa kwenye utafiti. Wajawazito hawakuingizwa. Wenye dalili za donge mapafuni hawakuingizwa. Na wanaoishi mbali kiasi cha kushindwa kurudi kliniki, nao hawakuingizwa. Yaani mtu wangu wa kule mbali Chemba hakuwemo.

Kwetu mgonjwa akiambiwa "umeruhusiwa", anapewa karatasi na mfuko wa dawa, habari imeisha. Kulazwa nyumbani ni kitu kingine kabisa: bado ni mgonjwa wetu, faili liko wazi, ila kitanda ni chake. Yupo mtu tuliyemfundisha kudunga, akadunga mbele yetu. Ipo namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku akikohoa damu au akibanwa pumzi. Nimeona hospitali moja, siitaji, ikimpa mzee sindano za siku saba bila kumpima uzito. Dozi ilikadiriwa kwa macho, kama anayenunua mbuzi mnadani.

Halafu kuna joto. Enoksaparini inatakiwa isizidi nyuzi 25. Chumba cha bati mwezi Novemba, alasiri, kitafika ngapi? Familia ya yule mama tuliwaambia sindano zikae kwenye kopo lenye mfuniko, kando ya mtungi wa maji, mbali na bati. Kwenye utafiti wa Kanada hakuna mtungi.

Baada ya sindano yule mama alihamia vidonge vya warfarini, kwa kuwa ananyonyesha na dawa hiyo haimdhuru mtoto. Wafugaji mtaipenda asili yake: miaka ya 1920 huko Amerika Kaskazini ng'ombe walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza, na mkemia Karl Paul Link wa Wisconsin akaja kuipata kemikali iliyohusika. Jamaa yake, warfarini, ikaanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Usumbufu wake ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyochelewa kuganda (namba ikishuka, inaganda upesi), ambacho kwa donge la namna hii tunataka kiwe kati ya 2 na 3. Vidonge vipya kama rivaroksabani havihitaji kipimo hicho, lakini msivishangilie kwa kila mtu. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani. Wengi tulitarajia kinyume.

Yule mama INR yake ilitulia miezi miwili, ikaporomoka ghafla hadi 1.4. Tukamhoji: umeruka vidonge? Hapana. Umekunywa miti shamba? Hapana. Unakula nini? Akacheka. "Daktari, si mvua zimenyesha? Mlenda mbichi kila siku." Majani hayo yana vitamini K, na warfarini hufanya kazi kwa kuipinga vitamini hiyo. Hatukumnyima mlenda. Tukamwambia ale kiasi kilekile kila siku, tukapandisha dozi kidogo, tukampima tena baada ya wiki.