“Ni” na “Huenda” katika Soneti ya Shelley

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo sigusi tamathali wala vina. Nataka tukae na maneno mawili madogo ambayo wanafunzi huyapita mbio: “ni” na “huenda”.

Tarehe 16 Agosti 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika Manchester, Uingereza, kudai uwakilishi bungeni. Askari wa farasi wakawavamia kwa panga. Mamia walijeruhiwa, na wasiopungua 15 wakafa. Mshairi Mwingereza Percy Bysshe Shelley alikuwa Italia habari zilipomfikia. Kabla ya mwaka kwisha akaandika soneti, yaani shairi la mistari 14, tunayoijua kama “England in 1819”.

Sikilizeni inavyoanza: mfalme mzee, mwendawazimu, kipofu, aliyedharauliwa, anayekata roho. Wanafuata wanawe, kisha watawala walioing’ang’ania nchi kama ruba, wananchi walioshindishwa njaa na kuchomwa visu katika shamba lisilolimwa, jeshi, sheria, dini, bunge. Mistari 12 inapita na sentensi haijapata kitenzi chake kikuu! Msomaji amejitwika mzigo wote huo, hana pa kuutua. Mstari wa 13 ndipo linapofika neno “are”: vyote hivyo ni makaburi. Silabi moja inauzika utawala mzima, mfalme angali anapumua.

Kisha mshairi anasema kwamba kutoka makaburini humo mzuka mtukufu “may”, na papo hapo mstari unakatika. Nimejaribu kuutia katika Kiswahili:

ni makaburi, ambamo mzuka mtukufu huenda
ukachomoka, uiangazie siku yetu ya tufani.

Someni kwa sauti, mtue baada ya “huenda”. Mnasikia mguu ulivyobaki hewani? Shelley angeweza kuandika “utachomoka”, na wengi wangempigia makofi. Wako wanaosema alikosa ujasiri. Mimi siafiki hata kidogo. Damu ya Manchester ilikuwa haijakauka, na kuwaahidi wafiwa ushindi ambao hakuna aliyeuona kungekuwa kuwadanganya. “Huenda” ni neno la mtu anayetumaini kwa dhati na hataki kusema uongo.

Desemba 1819 alimpelekea rafiki yake Leigh Hunt shairi hilo, lakini halikuchapishwa hadi 1839, miaka 17 baada ya Shelley kufa maji. Nanyi mkirudi kulisoma, tazameni na kile “yetu” cha mstari wa mwisho. Hakuwepo uwanjani, alikuwa ng’ambo, ila hakuandika “yenu”.