Sabuni ya Marseille: Kazi Iliyomo Ndani ya Sufuria

Habari za jioni, ndugu zangu.

Mezani hapa pana sabuni ya Marseille, mji wa bandari wa Ufaransa: mchemraba wa gramu 600, kijani iliyofifia, isiyo na manukato. Imepigwa mihuri pande zote sita, na pamoja na jina mnaona 72%. Maana yake, katika kila gramu 100 za sabuni, 72 ni asidi za mafuta. Zilizobaki ni maji na magadi, na chumvi kidogo sana. Umbo hili yeyote anaweza kuliiga, na jina la Marseille halilindwi kisheria kama lilivyolindwa jina la mvinyo wa shampeni. Kinachoitofautisha ni kazi ya siku kama kumi ndani ya sufuria.

Mwaka 1688 mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliamuru watengenezaji watumie mafuta ya zeituni pekee, na viwanda vifungwe Juni, Julai na Agosti kwa sababu ya joto. Karne ya 19 zeituni haikutosha tena. Wafanyabiashara wa Marseille walifika hadi Unguja kununua ufuta na mbata. Ni haki wakulima wa pwani yetu watajwe kila sabuni hii inapozungumzwa.

Sasa tuingie kiwandani. Mafuta humiminwa kwenye sufuria la chuma linalochukua tani kadhaa, nayo soda kali, yaani magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, huongezwa kidogo kidogo huku mvuke ukichemsha. Kilo moja ya mafuta ya zeituni hula gramu 135 hivi za soda. Ya nazi hula 183 hivi. Soda kali ikimwagwa yote kwa mpigo, mafuta hukataa kuchanganyika nayo na uji haushikani.

Uji ukishashikana, hutiwa maji ya chumvi. Hapo ndipo penye ufundi. Sabuni hukatika kama maziwa yaliyoganda, ikapanda juu. Gliserini, kimiminika kinachotoka kwenye mafuta yanapogeuka sabuni, pamoja na soda iliyozidi na uchafu hushuka chini na maji, yakafunguliwa mlango wa chini. Chumvi ikipungua, haikatiki, na mnabaki na ute. Mafuta ya nazi ndiyo yanayosumbua zaidi, kwa kuwa sabuni yake huyeyuka hata kwenye maji ya chumvi. Baharia anaipenda kwa sababu hiyohiyo: inatoa povu hata baharini. Lakini nazi ikizidi sufuriani, chumvi inayotakiwa ni nyingi mno.

Baada ya hapo hupikwa tena na soda mpya, mpaka mafuta yote yageuke sabuni, kisha huoshwa kwa chumvi mara kadhaa. Mwisho hutiwa maji matupu, ili sabuni ilainike na kujitenga na masalia ya chumvi na soda. Maji yakizidi, sabuni nzuri nyingi hushuka chini pamoja na uchafu. Kabla ya kumimina, fundi mkuu huchota kidogo na kugusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, soda imebaki, na itawasha ngozi ya mtumiaji. Huirudisha kuoshwa.

Sabuni ya moto humiminwa kwenye mabwawa ya sakafuni, ikaganda siku mbili hivi, ikakatwa, ikapangwa kwenye mbao ipigwe na upepo. Kwenye jua kali hukauka nje kabla ya ndani, ikapasuka. Mkiona pande zake zimebonyea katikati, msidhani imeharibika: maji yametoka.

Dukani, geuzeni karatasi msome viungo. Sodium olivate ni zeituni, sodium cocoate ni nazi, sodium palmate ni mawese. Sodium tallowate ni mafuta ya ng'ombe, na hayo hayamo kwenye sabuni ya Marseille ya jadi. Parfum, yaani manukato, ikiandikwa, hata kama mchemraba umepigwa muhuri wa 72%, rudisheni rafuni.