Kamera Hazina Majini

Asanteni. Mwenyekiti ameshanitambulisha, kwa hiyo tusipoteze muda. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na mtalisikia tena leo: kamera ya ulinzi ikizima, msikimbilie kamera. Shikeni umeme kwanza. Mkiumaliza umeme, ndipo mniulize kamera nzuri ni ya kampuni gani.

Kuna bwana mmoja mwenye ghala alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Kamera zake za uani zinafanya kazi mchana kutwa. Jua likizama tu, zinazima na kuwaka, zinazima na kuwaka, mpaka alfajiri. Fundi wa kwanza kaleta kamera mpya, mambo yakawa yaleyale. Wa pili kaleta za bei mbaya zaidi, yaleyale. Mlinzi wa zamu ya usiku akaanza kunong'ona kwamba ua ule una majini. Mimi na majini hatuna ugomvi, lakini jini gani huyo anayefuata machweo kila siku bila kuchelewa? (Kicheko.)

Nikapanda ngazi na multimita, kile kipimo cha umeme. Msipime kwenye adapta, jamani! Kwenye adapta mtakuta volti 12 safi kabisa na mtarudi nyumbani mkijisifu. Pimeni kule juu, kwenye plagi ya kamera yenyewe, huku kamera ikiwa inafanya kazi. Pale nilipata volti 10.95. Kamera ile inavumilia upungufu wa asilimia 10, yaani isishuke chini ya volti 10.8. Basi mchana ilikuwa inapona kwa tundu la sindano.

Nikaifunika kwa kitambaa cheusi ili idhani ni usiku. Taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zikawaka, na mita ikaporomoka hadi volti 9.2. Kamera ikazima papo hapo.

Fanyeni hesabu wenyewe. Waya wa mita 50, unene wa milimita mraba 0.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za shaba, ukinzani wake kama omu 3.5. Mchana kamera inakula ampea 0.3, mnapoteza volti 1 na kidogo njiani. Usiku taa zikiwaka inakula ampea 0.8, mnapoteza volti 2.8. Ikizima, taa nazo zinazima, mzigo unaondoka, volti zinapanda tena. Kamera inaamka, inaona giza, inawasha taa, inazima. Usiku kucha. Hilo ndilo jini.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Si tungeweka adapta yenye ampea nyingi zaidi?" Hapana, ndugu yangu. Adapta ya ampea 2 au ya ampea 10, volti ni 12 zilezile, na waya ni uleule unaozila. Ampea zilizobaki kwenye adapta hazimsaidii aliye mwisho wa waya. Dawa ni kuongeza unene wa waya, au kusogeza adapta karibu na kamera, au kuhamia umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, hii tunayoiita PoE. Huko volti ni kama 48, ampea zinazopita ni chache, na hasara ya njiani inakuwa ndogo.

Lakini msidhani PoE imewaokoa na hesabu. Mtu ananunua swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachogawa PoE kwa kamera, yenye milango 8, anaona milango 8, anachomeka kamera 8, anaondoka. Soma karatasi! Kuna swichi za milango 8 ambazo jumla ya umeme wake ni wati 65. Kamera zenu zikila wati 5 kila moja mchana, ni 40, hakuna neno. Zikifika wati 10 usiku ni 80, na swichi itachagua nani anyimwe. Nyie mtaanza kubadilisha kamera ya mlango wa 8, ambayo haina kosa lolote.

Na UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika. Kila ninapokwenda nakuta mashine ya kurekodia imewekwa kwenye UPS, imefutwa vumbi, inatunzwa kama mgeni wa heshima. Swichi ya kamera iko koridoni, imechomekwa ukutani pamoja na birika la chai. Umeme ukikatika, mashine inaendelea kurekodi kwa uaminifu mkubwa picha ya kiza kitupu.

Naona naonyeshwa saa. Haya, niharakishe.

Kurekodi. Picha inayoonekana sasa hivi kwenye skrini si ushahidi kwamba kuna kinachohifadhiwa. Kila wiki mtu mmoja, mwenye jina, achague kamera yoyote na arudishe picha za juzi saa nane usiku, azitazame. Diski ikianza kufa mashine nyingi hulia. Tatizo ni kwamba mtu alikerwa na kelele, akazima mlio. Na pigeni hesabu ya diski: kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43.2 kwa siku. Kamera 16 kwenye diski moja ya terabaiti 4, zikirekodi muda wote, hazifikishi siku 6 kabla ya kuanza kufuta za nyuma. Wizi unagunduliwa baada ya wiki mbili. Mtamlaumu nani?

Paswedi: badilisheni ile iliyokuja na kifaa. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia kwa kujaribu paswedi za kiwandani tu, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye mtandao, hadi Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi. Saa ya mashine nayo ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao. Picha yenye saa ya uongo wakili ataichezea atakavyo.

Kebo za alumini zilizopakwa shaba nilitaka kuzizungumzia kwa kirefu, maana zinauzwa kama shaba na ukinzani wake unaizidi shaba kwa zaidi ya nusu. Muda hautoshi. Vipande ninavyo pale mezani, na kisu kipo. Kwaruzeni: nje nyekundu, ndani nyeupe. Kisha nendeni mkakwaruze za kwenu. Maswali?